Uzee wa Mchezaji Asiye na Mwili

Tangu mpira wa miguu uanze kuchezwa kwa kanuni zilizoandikwa, suala la mchezaji azeeke vipi na atundike daluga lini halikuwahi kuwa mikononi mwa mwanadamu peke yake, kwa kuwa goti, pumzi na msuli vilikuwa vikitoa hukumu yao bila ya kumwomba ruhusa kocha wala shabiki. Lakini katika miongo michache iliyopita umezuka mpira wa namna nyingine, unaochezwa ndani ya programu za kompyuta na katika mtandao wa intaneti, ambamo wachezaji ni majina na tarakimu tu, na ambamo uzee, kwa kuwa hauji wenyewe, sharti uletwe na mtu. Mtu huyo hukaa akaandika kwamba winga aliyefika miaka 31 apungukiwe mbio kwa kiasi kadha, na kwamba kipa aliyefika miaka 38 aage. Naye akishaandika, maelfu ya watu wanaoongoza timu katika mpira huo, ambao hawakumwona wala hawatamwona, huipokea kanuni yake kana kwamba ni sheria ya maumbile. Uwezo wa kuwazeesha watu, hata watu wa kubuni, ni uwezo mkubwa, na wastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko unavyochunguzwa.

Nalitazama jambo hili kutoka Dodoma, na sababu yangu si mapenzi ya kwetu tu. Mji huu, ulioteuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, ukahamiwa na serikali kwa azma ya kweli kuanzia mwaka 2016 na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, umekuwa mji wa watumishi wa umma, yaani watu ambao siku ile ile ya kutia saini ajira hujua kwamba wakifika miaka 55 wanaweza kustaafu kwa hiari na wakifika 60 watastaafu kwa lazima. Na makao makuu ya mfuko wa pensheni wa watumishi hao, PSSSF, yapo papa hapa. Lakini katika mji huu huu, katika Uwanja wa Jamhuri, limo kundi jingine la watu wanaoishi kwa kazi yao, nao ni wachezaji wa Dodoma Jiji, timu ya halmashauri ya jiji iliyopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2020/21, ambao hakuna karatasi iliyowahi kuwaambia siku yao ya mwisho. Na juu ya vilima, katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, na kule chini katika vyumba vya kupanga vya Nkuhungu na Chang'ombe, wapo vijana ambao, bando likiwaruhusu, wanaongoza usiku timu za kuigizwa na kuwastaafisha wachezaji wao kwa kubonyeza kitufe. Namna tatu za kuzeeka kazini zimekutana katika mji mmoja, na kila moja yaweza kuikosoa nyingine.

Tuanze na hao wa kubuni, maana ndio kiini cha maneno yetu. Ligi za kuigizwa, kwa kadiri nizijuavyo, hufuata njia tatu katika jambo la umri. Njia ya kwanza ni ile ya Hattrick, mchezo wa uongozi wa timu uliozaliwa Sweden mwaka 1997, ambao ndani yake mwaka mmoja wa mchezaji si siku 365 bali ni siku 112, sawasawa na msimu mmoja wa wiki 16, na umri wake huandikwa kwa miaka na siku, ukipanda kila siku. Mwanafunzi anayeingia chuoni Dodoma kwa masomo ya miaka mitatu, akampandisha siku hiyo hiyo kijana wa miaka 17 kutoka timu yake ya vijana, atakapovaa joho la mahafali atamkuta kijana yule amekaribia miaka 27, yaani yupo katika kilele cha nguvu zake. Na kama masomo ni ya miaka minne, atamkuta na miaka 30, mazoezi hayamwongezei tena kitu cha maana, na ustadi alioutafuta kwa misimu mingi umeanza kumtoka ngazi kwa ngazi. Huko mchezaji hastaafu kwa tamko. Hupungua tu, wiki baada ya wiki, huku mshahara wake ukiendelea kudaiwa, mpaka mwenye timu aamue mwenyewe kumwuza, kumwachisha, au kumgeuza kocha.

Njia ya pili ni ya programu kama Football Manager, ambayo asili yake ni mchezo uliotolewa Uingereza mwaka 1992 na ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, kwa jina la Championship Manager. Humo sifa za mchezaji hupimwa kwa tarakimu kuanzia 1 hadi 20, na uzee haumshiki mzima mzima: mbio na wepesi hutangulia kwenda, ilhali uamuzi, utulivu na kujua mahali pa kusimama hubaki, na pengine huzidi, hata baada ya miaka 30. Ipo pia sifa ya siha ya asili, na zipo zilizofichwa ambazo mwongozaji hazioni, kama wepesi wa kuumia, na hizo ndizo zinazofanya beki mmoja aishe akiwa na miaka 32 na mwenzake aendelee hadi 37. Mchezaji hutangaza mwenyewe kwamba msimu huu ni wa mwisho. Akishaondoka, programu huumba kijana mpya ili hesabu ya watu duniani isipungue, na yule mzee, akijaaliwa, hurudi akiwa kocha au mtafuta vipaji.

Njia ya tatu ndiyo yenye maswali mazito zaidi. Ni ile ya ligi ndogo ndogo za mtandaoni ambamo kila mtu haongozi timu, bali huumba mchezaji mmoja, humpa jina, kimo na nafasi uwanjani, humlea kwa alama anazozichuma kwa bidii yake mwenyewe, na kumpeleka katika usajili kama mzazi ampelekavyo mwana kazini. Baada ya misimu kadhaa iliyowekwa na waandalizi, alama zile huanza kukatwa kwa asilimia, na asilimia hupanda kila msimu, hata bidii ya mwenyewe isiweze tena kuziba pengo. Ndipo afikapo mahali pa kuchagua kati ya kumwacha mchezaji wake akae benchi kwa fedheha, au kumstaafisha kwa heshima na kuumba mwingine aanze tena chini kabisa. Kwa kuwa mchezaji huyo ni mmoja, na ana historia, mabao na nahodha aliyemwamini, mtu huumia kweli siku ya kumwacha, na sioni sababu ya kumcheka.

Yawezekana msomaji akauliza: kwa nini basi wazeeke? Kama mwili hawana, si waachwe wacheze milele? Jibu limejulikana kwa kila aliyejaribu kuendesha ligi ya namna hiyo bila ya kanuni ya umri. Waliotangulia hulimbikiza nguvu msimu kwa msimu, timu za kwanza huwa hazishindiki, na mgeni anayejiunga leo hukuta hakuna mlango wa kuingilia, hata awe na akili na subira kiasi gani; akikaa misimu miwili huondoka, na wale wakongwe, wakibaki wao kwa wao, huchoka pia na ligi hufa. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, ambao huvuna mara mbili kwa mwaka, wanajua kwamba mzabibu usiokatwa matawi ya zamani hujaa majani ukakosa vichala, na ligi isiyostaafisha ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kuzeeka katika ligi za kuigizwa si mapambo ya kuifanya ifanane na dunia, bali ni njia ya kugawa nafasi kwa insafu baina ya waliotangulia na wanaofuata.

Lakini kugawa kwa insafu ni jambo moja, na kusema kweli juu ya uzee ni jambo la pili, na hapa ndipo njia hizi tatu zinapoachana kwa ubora. Kanuni inayomkata kila mchezaji asilimia ile ile kwa umri ule ule, kipa sawa na winga, ni nyepesi kuandika na ni rahisi kuitetea, walakini haina ukweli. Taifa Stars ilipokutana na Burundi mwezi Septemba 2019 kutafuta nafasi ya kusonga mbele katika kufuzu Kombe la Dunia, mechi zote mbili zikaisha kwa sare ya 1-1, aliyesimama langoni wakati wa mikwaju ya penalti pale Dar es Salaam alikuwa Juma Kaseja, mwenye miaka 34, ambaye wengi walikwisha kumhesabu miongoni mwa waliopita. Na Tanzania ikashinda kwa penalti 3-0. Essam El-Hadary wa Misri alidaka katika Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45, akapangua penalti ya Saudi Arabia. Kipa hula akiba ya maarifa, na akiba hiyo haipungui kwa kadiri ile ile ya misuli. Mshambuliaji anayeishi kwa kukimbia nyuma ya mabeki hana akiba ya namna hiyo: Mbwana Samatta, aliyezaliwa Desemba 1992, aliipatia Genk ubingwa wa Ubelgiji katika msimu wa 2018/19 akiwa mfungaji wake mkuu na miaka 26, akasajiliwa na Aston Villa Januari 2020 akiwa na 27, na kila mchoro wa umri uliomo katika programu hizi ungekiweka kilele chake hapo hapo.

Anayetaka kuona jambo hili kwa macho, aende Jamhuri siku ya mechi, aache kuufuata mpira kwa muda, amtazame beki wa kati aliyezidi miaka 30. Ataona kwamba mtu huyo anaanza kurudi nyuma kabla kiungo wa timu pinzani hajainua kichwa. Kwamba mkono wake wa kushoto hauachi kumwelekeza beki wa pembeni asogee hatua mbili. Kwamba katika dakika kumi nzima hakukimbia kwa kasi hata mara moja, na hakuna aliyempita. Kisha, kuelekea dakika ya 70, jua likiwa bado halijashuka na ardhi ya kiangazi cha nyanda hizi ikirudisha joto kupitia soli ya kiatu, mpira mmoja mrefu hutupwa nyuma yake, kijana wa miaka 20 huutangulia kwa hatua nne, na maarifa yote ya dakika zile hayamfai kitu. Programu iliyo bora ni ile iwezayo kuvionyesha vyote viwili, ule ustadi wa dakika kumi na zile hatua nne. Na njia ya pili niliyoitaja ndiyo inayokaribia, kwa sababu imeyatenga ya mwili na ya akili.

Liko jambo moja ambalo ligi zote za kuigizwa hulichukua kuwa hakika, nalo kwetu si hakika hata kidogo: kwamba umri wa mchezaji unajulikana. Katika Ugogo, kama katika sehemu nyingi za bara, wazee walihesabu umri kwa mvua na kwa njaa. Mtu alisemwa kuwa alizaliwa kabla au baada ya Mtunya, ile njaa kuu iliyowafika Wagogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na hesabu hiyo iliwatosha kwa mambo yao yote. Haikutosha mpira wa mashirikisho. Mwaka 2005 vijana wetu wa Serengeti Boys, wakiwa wamekwisha kufuzu fainali za Afrika za walio chini ya miaka 17 zilizochezwa Gambia, waliondolewa kwa kosa la kuchezesha mchezaji aliyezidi umri, na uchungu wa hukumu ile haujasahaulika kwa walioifuatilia. Katika Kombe la Dunia la vijana la 2009 huko Nigeria, FIFA ikaanza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya sumaku, kwa kuwa mfupa wa mkono uliokwisha kufunga kabisa ni dalili kwamba kijana amevuka miaka 17. Kudanganya umri ni taksiri, sitaki kuitetea. Lakini yafaa ieleweke kwamba kijana anayejipunguzia miaka mitatu ili asajiliwe hujitwika deni ambalo mwili wake utalilipa baadaye, pale karatasi itakaposema ana 28 na goti likasema ana 31, na kocha asiyejua siri hiyo akamwona mvivu. Kama ipo ligi ya kuigizwa itakayotungwa siku moja na vijana wetu kwa kuifuata Ligi Kuu ya Tanzania, ningependa iwe na umri wa aina mbili, wa karatasi na wa mfupa, na mwongozaji aonyeshwe ule wa kwanza tu.

Ningependa pia isichukue mchoro wa kuzeeka kama ulivyo huko Ulaya. Mchoro ule umetokana na watu waliolelewa katika nyasi tangu utotoni, wenye daktari wa timu, chakula cha kupimwa na usafiri wa ndege. Ilhali mchezaji wa kwetu hutumia ujana wake wote katika viwanja vya vumbi vilivyokauka kama sakafu, kwa sababu mvua ya kanda hii ya kati hunyesha tangu Desemba hadi Aprili tu, kisha ardhi hukaza. Na akifika Ligi Kuu husafiri kwa basi kutoka Dodoma hadi Lindi na kurudi. Februari 2025, basi la Dodoma Jiji likirejea kutoka Ruangwa lilikokwenda kucheza na Namungo, lilipata ajali mkoani Lindi na wachezaji wakajeruhiwa. Kila safari ya namna hiyo, hata ikiisha salama, hukata kitu katika mwili, na hicho hakimo katika kanuni ya mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye swali la nani aamue, nalo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Katika Hattrick ni mwenye timu. Katika Football Manager ni mchezaji mwenyewe, au tuseme programu kwa niaba yake. Katika ligi za mchezaji mmoja ni jedwali lililotangazwa tangu mwanzo, likabaki kwa mwenyewe uchaguzi wa siku. Katika mpira wetu wa kweli aghalabu haamui mtu yeyote kwa tamko. Mchezaji huona tu kwamba dirisha la usajili limefunguliwa na simu haikulia, au jina lake limesomwa katika orodha ya walioachwa. Wachache hupata bahati ya kuchagua. Nadir Haroub, anayejulikana kwa jina la Cannavaro, aliiaga Taifa Stars mwaka 2016 baada ya unahodha kupewa Samatta, akaendelea na Yanga hadi 2018, na klabu ikamgeuza meneja wa timu, hakupotea, alisogezwa. John Bocco, mshambuliaji mkongwe wa Azam na Simba, aliondoka Simba mwaka 2024 akaenda JKT Tanzania akiwa na miaka 35 hivi, na kushuka mahali penye shinikizo dogo kama huko ni hekima ambayo wengine huiona aibu mpaka wakachelewa. Hao ni wenye majina. Aliyecheza misimu minane katika timu za katikati ya msimamo, na hakuna aliyemtungia wimbo, hana tangazo wala mechi ya kuaga.

Hapa ndipo jedwali kavu la njia ya tatu, ambalo nimelikosoa kwa kukosa ukweli, linaponionyesha ubora wake. Linamwambia mtu tangu siku ya kwanza: msimu fulani utaanza kupungua, jiandae. Mtumishi wa umma wa Dodoma analo jedwali lake. Mchezaji wa kubuni analo lake. Mchezaji wa kweli ndiye peke yake asiye nalo. Tena, hata sheria iliyokusudiwa kumlinda haikumkata nguo ya kimo chake. Kwa kanuni za hifadhi ya jamii za Tanzania, anayetaka pensheni ya uzeeni sharti awe amechangiwa miezi isiyopungua 180, na awe amefika umri wa kustaafu. Mchukue mchezaji aliyebahatika kuwa na mkataba mzuri, timu ikamchangia kila mwezi bila ya kukosa tangu akiwa na miaka 20 mpaka akatundika daluga akiwa na 33: atakuwa na michango ya miezi 156, pungufu ya miezi 24, na mbele yake ipo miaka 22 ya kungoja mpaka atimize 55. Na huyo ni yule ambaye hakuumia, hakuachwa katikati, na ambaye michango yake ilipelekwa. Sharti la miezi 180 liliwekwa kwa mtu wa ofisini na kiwandani, ambaye nguvu zake zikimwacha akiwa na 60 huwa amekwisha kufanya kazi miaka 35. Halikuwekwa kwa dhamira mbaya, lakini kwa mchezaji lina dhuluma ndani yake, na kwa kuwa Bunge lipo hapa hapa Dodoma, mwendo mfupi kutoka Jamhuri, sioni kwa nini wachezaji na viongozi wao wasilipeleke suala hilo huko.

Limebaki suala la kinachofuata. Kuumba kijana mpya mahali pa mzee aliyeondoka, kama programu zifanyavyo, ni jambo jepesi, na kwa ligi ya kuigizwa ni la lazima. Lakini ligi zilizodumu ni zile zilizotambua kwamba haliridhishi moyo peke yake, zikatafuta njia ya kumrudisha mzee ndani ya mchezo, awe kocha, awe mkaguzi wa vipaji, au angalau jina lake libaki katika ukumbi wa kumbukumbu wa klabu yake. Historia yetu inazo sura hizo za kuigwa. Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyocheza fainali za Afrika huko Lagos mwaka 1980, alikuwa na elimu ya uhandisi mkononi, na baadaye akawa Rais wa shirikisho la mpira wa miguu nchini, TFF, kuanzia 2004 hadi 2013. Mecky Maxime, beki aliyekuwa nahodha wa Mtibwa Sugar, akawa kocha wa Mtibwa hiyo hiyo, kisha wa Kagera Sugar, na mwaka 2024 akakabidhiwa benchi la Dodoma Jiji, akisimama kando ya mstari wa Jamhuri na kuwaelekeza mabeki wa kizazi kingine wasogee hatua mbili.

Kinachotofautisha njia hizo na njia ya wengi ni kwamba maandalizi yake yalianza mchezaji akiwa bado anacheza, maana shahada ya uhandisi haisomwi baada ya goti kuisha, na vyeti vya ukocha vya CAF vinavyopanda kwa madaraja huchukua miaka. Timu ya halmashauri, kuliko timu ya tajiri yeyote, inao uwezo wa jambo hili: inazo shule za msingi na sekondari zinazokosa walimu wa michezo, inao maofisa utamaduni wa kata, na ipo katika mji wenye vyuo vikuu zaidi ya kimoja. Mkataba wa mchezaji aliyefika miaka 28 ungeweza kuandikwa ndani yake siku mbili za wiki za masomo na ada ya kozi ya kwanza ya ukocha, ukamtaja mwalimu atakayemsimamia na shule atakayoifundisha jioni wakati wa mapumziko ya ligi, na gharama yake kwa mwaka isingefika ujira wa mshambuliaji mmoja wa kigeni.